Kundi la Jumamosi: Mwongozo kamili wa tiba ya kikundi kwa vijana wanaonyemelewa na ugonjwa mkubwa wa akili

Kijana wa kidato cha pili ameanza kujitenga. Alama zimeporomoka kutoka B hadi D, usiku anakesha, mchana analala, na juzi amemwambia dadake kwamba watu wa bodaboda pale steji wanamsema kila akipita. Mama anashuku bangi. Shangazi anashuku amerogwa. Mwalimu wa darasa anasema ni ujeuri wa umri. Mimi nikimpokea huyo kijana, swali langu la kwanza ni moja: jana ulilala saa ngapi, na leo umeamka saa ngapi?

Nimeendesha makundi ya vijana wa namna hii hapa Nakuru kwa miaka kadhaa. Wengi hutoka Kaptembwo, Rhonda, Bondeni na Free Area. Mwongozo huu nimemwandikia mshauri nasaha, muuguzi, mwalimu wa ushauri shuleni au mhudumu wa afya ya jamii anayetaka kuanzisha kundi lake akiwa na mtaalamu wa afya ya akili nyuma yake. Hilo la mtaalamu usilichukulie kama pambo. Kama huna mtu unayeweza kumpigia simu Jumamosi saa tano na akashika, usianze.

Kundi langu la kwanza nililiharibu mwenyewe. Nilipanga viti kwa duara, nikafunga mlango, nikawaomba vijana tisa waeleze mmoja baada ya mwingine wanachosikia na wanachoona. Nilidhani kusema ndiko kupona. Wasichana wawili hawakurudi tena. Mvulana mmoja aliyekuwa na shida ya usingizi na wasiwasi tu aliniambia wiki iliyofuata kwamba naye sasa hulala ametega sikio, asikie kama ataitwa jina, kama yule mwenzake. Hakuwa ameanza kuugua. Mimi ndiye niliyemfundisha cha kuogopa.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: kundi si mahali pa kukamuana siri, ni mahali pa kufanya mazoezi pamoja. Na nusu ya kazi yenyewe iko chumba cha pili, kwa wazazi.

Tunachojua hadi sasa

Karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya 18. Ugonjwa mkubwa kama skizofrenia au bipola kwa kawaida haumwangushi mtu ghafla kama radi. Hutanguliwa na miezi, hata miaka, ya mabadiliko madogo madogo. Vijana walio katika kipindi hicho wakifuatiliwa na kliniki kwa miaka miwili hadi mitatu, takriban mmoja kati ya wanne au watano huvuka na kupata saikosisi kamili, yaani hali ya kupoteza mpaka kati ya yaliyomo akilini na yaliyopo duniani. Kwa hiyo wengi hawavuki. Mwambie mzazi sentensi hiyo kabla hujamwambia nyingine yoyote.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema vijana wa kundi hili wasianzishiwe dawa za saikosisi kwa sababu tu wako kwenye hatari. Wapewe tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na tabia, na inapofaa, msaada kwa familia. Nchini Uholanzi, Mark van der Gaag na wenzake walichapisha mwaka 2012 matokeo ya watu 201: kwa miezi 18, waliopata tiba hiyo ya mawazo waliovuka walikuwa 10, na wale waliopata huduma ya kawaida pekee walikuwa 22. Ile ilikuwa tiba ya mtu mmoja na mtaalamu wake, si ya kikundi. Nasema hivi ili usije ukamwahidi mtu kwamba kundi lako linazuia ugonjwa. Sisi tunaazima zana za tiba ile na kuzitumia pale ambapo wanasaikolojia hawatoshi.

Kwamba makundi yanawezekana kwetu, hilo halina ubishi. Uganda ilionyesha mapema: matokeo yaliyochapishwa 2003 yalihusu watu wazima wenye sonona katika vijiji vya kusini-magharibi mwa nchi hiyo, waliokutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16 wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa, si madaktari, na nafuu ilikuwa kubwa. Hapa Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri, shirika la afya ya akili ya vijana, walifunza vijana waliotoka tu shule ya upili kuongoza vikao vinne vya kikundi kwa wanafunzi wenye sonona na wasiwasi. Hao hawakuwa vijana wa hatari ya saikosisi, lakini somo la nani anaweza kuongoza linabaki.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta nani

Kuna milango mitatu ambayo wataalamu huitazama. Wa kwanza ni dalili hafifu: kijana anasikia mnong'ono, anaona kivuli, anashuku anafuatwa, lakini ukimuuliza vizuri anakubali kwamba huenda ni akili yake tu. Wa pili ni dalili kamili lakini za muda mfupi, zinazokuja na kuisha zenyewe ndani ya wiki moja. Wa tatu ni mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye saikosisi, ukichanganya na kijana mwenyewe kushuka waziwazi shuleni, usafini au kwa marafiki ndani ya mwaka uliopita.

Dodoso la PQ-16 hutumika sana kuchuja. Lina maswali 16, na anayejibu ndiyo kwa sita au zaidi anahitaji kuhojiwa kwa kina na mtaalamu. Usilitumie kama hukumu. Watafiti wa hapa kwetu, akiwemo Profesa David Ndetei, walilazimika kuirekebisha zana nyingine ya namna hii ili iwafae vijana wa Kenya, na sababu utaiona siku ya kwanza ukiketi na kijana. Muulize kama amewahi kusikia sauti ya mtu asiyeonekana. Atakujibu ndiyo, nyanyake aliyefariki Desemba humwita jikoni. Hiyo ni huzuni. Mwingine atasema Mungu humsemesha kwenye maombi. Kabla hujaandika chochote, uliza maswali matatu: wenzako kanisani au msikitini nao husikia hivyo? Inakusumbua au inakutuliza? Ilianza lini, na tangu ianze ni kitu gani umeacha kufanya?

Jibu la swali la mwisho ndilo huniamulia mara nyingi. Kijana aliyeacha mpira, akaacha kuoga, akaacha kujibu simu za rafiki yake wa tangu darasa la tatu, huyo namtaka kundini hata kama dodoso lina ndiyo nne.

Wa kutoingizwa: aliyekwisha kuvuka. Anayeamini kwa uhakika usioyumba kwamba jirani ametia sumu maji, anayepokea amri kutoka kwa sauti, ambaye hajalala siku tatu na anaongea bila kupumua, huyo anahitaji daktari wa akili leo, si kiti cha Jumamosi ijayo.

Hatua ya 2: Apimwe mwili kwanza

Usiruke hapa. Kifafa, hasa kile kisichoangusha mtu, kinaweza kuleta harufu, sauti na woga wa ghafla. Malaria kali, Virusi vya Ukimwi, matatizo ya tezi ya shingo na dawa za kulevya vyote vinaweza kuvaa sura ya ugonjwa wa akili. Mtume kituo cha afya akiwa na barua fupi: umri, kilichobadilika, tangu lini, na swali lako. Daktari hupenda kuulizwa swali. "Tafadhali mtazame" haimsaidii.

Hatua ya 3: Ruhusa, siri, na jina la kundi

Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi au mlezi atie sahihi. Lakini sahihi ya mzazi haitoshi. Kaa na kijana peke yake, umweleze kundi ni la nini, kisha umuulize kama anataka. Akisema hapana, mpe wiki mbili na namba yako. Wengi hurudi. Anayeletwa kwa kuburutwa atakaa kona akitazama simu na atawaambukiza wengine uchovu.

Siri ina mipaka, na mipaka itajwe mapema, mbele ya mzazi na kijana wakiwa pamoja: nikisikia unataka kujiua, unataka kumdhuru mtu, au unadhulumiwa, nitasema kwa anayeweza kusaidia, na nitakuambia wewe kwanza kabla ya kusema. Daftari la vikao liwe na namba badala ya majina, lifungiwe kabatini, na mambo ya kundi yasiwekwe kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Mbali na sheria, mtaa una masikio.

Kuhusu jina: usiliite kundi la afya ya akili. Letu linaitwa Kundi la Jumamosi, basi. Kijana akiulizwa na jirani anakokwenda, awe na jibu ambalo si uongo na halimvui nguo.

Hatua ya 4: Idadi, mahali, saa

Vijana sita hadi wanane, wasizidi kumi. Waliokaribiana umri: 13 hadi 15 peke yao, 16 hadi 18 peke yao. Wavulana na wasichana pamoja inawezekana, ila hakikisha hakuna msichana aliye peke yake kati ya wavulana saba. Wawezeshaji wawili kila kikao, bila kukosa, ili mmoja akitoka na kijana aliyechemka mwingine abaki na kundi.

Tahadhari moja isiyosemwa sana. Mwaka 1999 Thomas Dishion na wenzake Marekani walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye tabia za uvunjaji sheria kunaweza kuwazidisha, kwa sababu hujifunza kuchekeana makosa. Nami nimeliona: ukiweka wavutaji watatu wa bangi wanaojuana ndani ya kundi la watu saba, mwishoni huwa ni kundi lao. Watawanye.

Mahali pawe pa kawaida, pasiwe wodi. Ukumbi wa kanisa, maktaba, darasa la chekechea (viti vidogo vile huwachekesha, na kicheko cha mapema ni mali). Saa zetu ni saa nne asubuhi hadi saa tano na nusu. Mapema zaidi, walio na masomo ya ziada hawafiki. Baada ya adhuhuri, mvua ya Nakuru ikianza Aprili nusu yao watabaki nyumbani. Walio shule za bweni ni mtihani wa peke yake: vikao vyao vipange mara mbili kwa wiki wakati wa likizo ya Aprili, Agosti na ya mwisho wa mwaka, la sivyo utaanza na wanane na kumaliza na watatu.

Bajeti iwe na nauli na chai na mandazi. Mfadhili akikuambia mandazi si tiba, mwalike kikao kimoja. Kijana anayeshuku watu anamtazama mwenzake akichukua andazi kutoka sahani ile ile, kisha naye anachukua.

Hatua ya 5: Anza na wazazi

William McFarlane alianzisha PIER, mpango wa kuwawahi vijana kabla ya saikosisi kamili, huko Portland, Maine, Marekani, mwaka 2000, na uti wa mgongo wake ulikuwa kukutanisha familia kadhaa pamoja na watoto wao, si kila familia kivyake. Nimeukata mpango ule kulingana na nguvu zetu: familia tano hadi nane, kila wiki mbili, katika chumba cha pili huku vijana wakiwa kwao, na mara moja kwa mwezi wote pamoja.

Kikao cha kwanza cha wazazi ni cha kufundisha tu. Waeleze ugonjwa ni nini na si nini. Usibishane na imani zao. Mzazi akisema mtoto amerogwa, mimi hujibu: "Sawa mama, maombi yaendelee. Ila tunaomba asikeshe." Kesha ya Ijumaa na kufunga siku nyingi kwa kijana ambaye ubongo wake tayari unayumba ni kumwaga petroli. Nimewahi kumfuata mchungaji nyumbani kwake nikamwomba amwombee kijana mchana, na alikubali mara moja. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Jambo la pili la kufundisha ni sauti ya nyumbani. Tangu George Brown na wenzake walichunguze London mwishoni mwa miaka ya 1950, imeonekana mara nyingi kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama, makaripio na kuingiliwa kila dakika huanguka tena upesi kuliko anayerudi kwenye nyumba tulivu. Hii haina maana kwamba mzazi ndiye aliyeleta ugonjwa. Sema hivyo kwa sauti, mara mbili, maana hakuna mama aliyekaa pale ambaye hajajilaumu usiku.

Kisha, kila kikao, tatueni tatizo moja la familia moja. Utaratibu hauchezewi. Robo saa ya kwanza ni habari za kawaida: bei ya unga, harusi, mpira. Kila familia iseme wiki ilikwendaje. Chagueni tatizo dogo moja, la kushikika. Kila mtu atoe pendekezo, na yote yaandikwe ubaoni bila kupingwa. Baada ya hapo ndipo mtaje uzuri na ubaya wa kila moja. Familia yenyewe ichague, na muandike nani atafanya nini, lini.

Tatizo siku moja lilikuwa: kijana haamki kwenda shule. Baba yake, muuza mboga, alisema hapo hapo: "Andika kiboko." Wanawake wakaguna. Nikaandika "kiboko" kwa mkono wangu, kwa sababu kanuni ni kanuni. Yakafuata mengine: anyang'anywe simu saa tatu usiku, abadilishiwe chumba, aamshwe na dadake, asiamshwe kabisa. Tulipofika kwenye uzuri na ubaya wa kiboko, mzee mwingine ambaye kwa kawaida hanyanyui mdomo akasema: "Mimi nilikitumia mwaka mzima. Aliamka, lakini aliacha kunisalimia." Chumba kikanyamaza. Yule baba akachukua chaki mwenyewe akalipiga mstari neno lile. Waliyochagua ilikuwa hivi: kwa kuwa yeye huamka alfajiri kwenda sokoni, atamwachia chai kwenye chupa, atamgusa bega mara moja saa kumi na mbili kamili, atasema "kumekucha", na ataondoka. Bila neno la ziada. Wiki mbili baadaye kijana alikuwa amekwenda shule siku saba kati ya kumi. Mimi ningehubiri kwa saa mbili na nisiipate nguvu ya ile sentensi ya "aliacha kunisalimia".

Hatua ya 6: Vikao vyenyewe

Vikao kumi na viwili, na kundi lifungwe: baada ya kikao cha pili hakuna mgeni. Mpangilio wa kila kikao usibadilike, kwa sababu kwa akili yenye wasiwasi kujua kinachofuata ni faraja tosha. Chai. Hali ya hewa: kila mmoja anasema leo ndani yake kuna jua, mawingu, mvua au radi, na hakuna anayelazimishwa kueleza. Kazi ya wiki iliyopita. Zoezi la leo, ambalo lichukue karibu nusu ya muda. Mchezo au kutembea kidogo nje. Kazi ya kwenda nayo nyumbani, moja tu. Wanaondoka.

Kikao cha kwanza ni majina na sheria, watunge wao. Iwekeni hii hata kama hawakuitaja: mtu akiwahi kujaribu kujiua, hasimulii namna alivyofanya. Anaweza kusema ilimuuma. Namna haisemwi.

Cha pili ni usingizi, na naomba usikipitishe haraka kwa sababu kinaonekana chepesi. Kukosa usingizi huamsha woga, na woga hufukuza usingizi. Saa ya kulala huwezi kuilazimisha, hasa kwenye chumba kimoja cha watu sita na redio ya jirani. Saa ya kuamka unaweza. Kwa hiyo lengo ni moja, kuamka saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Simu ilale mbali na kitanda. Muguka na miraa viishe kabla ya adhuhuri kwa anayekataa kuviacha kabisa, na hapo hapo muanze mazungumzo ya kwa nini anakataa.

Cha tatu ni mtungi. Ninaleta mtungi wa lita 20 na mwingine wa lita 5, na jagi la maji. Kila jagi ni msongo: karo, baba na mama kugombana, mtihani, kuachwa, njaa. Mtungi mdogo unafurika mapema. Hakuna aliyechagua mtungi wake. Wengine wamezaliwa na mdogo, hasa kama ugonjwa uko ukoo. Halafu naweka bomba: usingizi, rafiki, mpira, kulia, kusali, kusema. Wanachora mitungi yao. Kikao hiki ndicho kinachoondoa aibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanasikia maelezo ambayo hayasemi "wewe ni kichaa" wala hayasemi "huna kitu".

Cha nne na cha tano ni mawazo. Nitakieleza kimoja kwa kina kwa kuwa ndicho kinachoigwa vibaya. Watu hudhani kazi ni kumthibitishia kijana kwamba amekosea.

Kijana mmoja wa Rhonda alisema: "Pale steji wananicheka mimi." Sikumwambia hapana, wala sikumwambia ndiyo. Nilimwekea vifuniko kumi vya soda mezani, nikawauliza wenzake: watu wa bodaboda wakicheka, inaweza kuwa ni nini? Wakataja: wanamcheka yeye; wanatazama video kwenye simu; wanamcheka mwenzao aliyenyang'anywa abiria; wanamcheka kila anayepita. Tukaandika kila maelezo kwenye karatasi yake. "Sasa gawa vifuniko," nikamwambia, "kila maelezo uyape kwa kadiri unavyoyaamini." Nane vikaenda kwa la kwanza. Kimoja kwa video. Kimoja akakizungushazungusha kidoleni, akakiweka kwa la mwisho, kwa sababu msichana mmoja upande wa pili alikuwa amesema bila kuinua macho: "Hao hata mimi hunicheka, na mimi ni mgeni kule."

Kazi ya nyumbani ilikuwa kupita steji mara tatu, mara mbili akiwa na mwenzake, na kuangalia kitu kimoja tu: kicheko kinaanza kabla hawajamwona au baada? Alirudi akasema mara mbili walikuwa wakicheka kabla hajakata kona. Akaondoa vifuniko vitatu mwenyewe. Vikabaki vitano. Mwezeshaji mwenzangu, ambaye ni mgeni katika kazi hii, alitaka kuendelea kumsukuma hadi sifuri. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Vitano vinatosha mtu kupita steji na kwenda shule, na kijana aliyeshindwa mabishano hurudi nyumbani na vifuniko vyake kumi mfukoni.

Cha sita ni kwa wanaosikia au kuona vitu, na hapa nakumbuka kosa langu. Hatuulizi sauti inasema nini. Tunafanya mazoezi ya kuelekeza usikivu: dakika mbili msikilize matatu nje, dakika mbili pumzi yako, dakika mbili wimbo mmoja unaoupenda kwa sikio moja. Wanagundua usikivu ni kama tochi, unaweza kuugeuza. Anayehitaji kueleza yaliyomo anakuja kwangu au kwa mwanasaikolojia baadaye, peke yake.

Cha saba ni bangi. Usitishe, wameona wakubwa wanaovuta na kufanya kazi. Sema ukweli: si kila mtu, lakini kwa mwenye mtungi mdogo, bangi kali na ya kila siku huongeza hatari sana, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo hatari inavyokua. Taja pia biskuti na keki zilizotiwa bangi. Wengine hula bila kujua wanachokula.

Cha nane hadi cha kumi huwa najaza kulingana na kundi: kuanzisha mazungumzo na rafiki uliyemkimbia, kugombana nyumbani bila kuvunja kitu, kurudi darasani baada ya kukosa muhula. Tunaigiza. Vijana wa Nakuru huigiza walimu vizuri kupita kiasi, kwa hiyo tenga muda.

Hatua ya 7: Siku mambo yakichacha

Itafika. Andika utaratibu ubandikwe ndani ya kabati: mwezeshaji mmoja anatoka na kijana, mwingine anaendelea na kundi. Kijana haachwi peke yake, hata chooni anasindikizwa hadi mlangoni. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mpigie mtaalamu wako, kisha mzazi. Kama kuna amri za sauti, mpango wa kujidhuru, au siku kadhaa bila kula wala kulala, ni hospitali, na kwa Nakuru hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Jua mapema nani ana gari. Namba 116 ni ya simu ya watoto, na 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya; zote hazitozwi, na ziwe kwenye simu ya kila mzazi tangu wiki ya kwanza.

Mwulize pia kila mzazi kama familia imejisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Wakati wa dharura si wakati wa kutafuta kitambulisho.

Hatua ya 8: Kupima na kumaliza

Kabla ya kikao cha kwanza, baada ya cha sita na baada ya cha kumi na mbili, uliza yale yale: siku ngapi shuleni kati ya kumi zilizopita, saa ngapi za usingizi, marafiki wangapi umeongea nao, na PQ-16. Usitegemee dodoso litashuka kwa kila mtu. Nina vijana ambao bado husikia mnong'ono, na wamefanya mtihani wa kidato cha nne.

Vikao viwili vya mwisho ni vya kadi ya ishara. Kila kijana anaandika mambo matatu yanayoonyesha mtungi wake unafurika, na nani atamwambia. Mzazi anaandika yake kwa upande wa nyuma. Nakala moja ya kijana, moja ya mzazi, moja ya faili, na kwa wa bweni ya nne iende kwa muuguzi wa shule kwa idhini ya wote wawili. Baada ya hapo kundi linakutana mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, kadi mkononi.

Kijana mmoja aliandika: "Nikianza kufunga pazia mchana." Nyuma yake mama yake akaandika: "Akianza kukataa chai niliyopika mimi, anakunywa ya dukani." Ishara iwe ndogo na ya kuonekana namna hiyo. Aliyeandika "nikijisikia vibaya" mrudishie kadi, umpe kalamu, umsubiri.